Siku Rahabu Hakuinuka

Mimi ndiye niliyemwambia akae. Nalisema hili mapema, maana watu wa Kasingirima, mtaa wetu hapa Ujiji, wamekwisha kumlaumu kila mtu: balozi, mgambo, hata Feliksi fundi cherehani, ambaye kosa lake ni mdomo tu. Wote hao waacheni. Aliyemwambia Rahabu akae kwenye benchi na kunyamaza ni mimi, Assani, mwenye banda la video, na nilimwambia hivyo kwa sababu nilimpenda na nilikuwa naogopa.

Banda langu lilikuwa la mabanzi, bati juu, magunia madirishani ya kuzuia mwanga. Mbele kulikuwa na runinga ya inchi ishirini na moja juu ya meza, deki chini yake, na spika mbili. Moja ilikuwa ndani. Nyingine niliifunga juu ya mlango, ikitazama barabarani, ili mpita njia ajue anapitwa na nini. Siku za kawaida nilionyesha filamu za ngumi kama wenzangu. Lakini Jumamosi, saa tisa alasiri, ilikuwa ya mkanda mmoja tu, na mtu akiniomba mwingine nilimwonyesha mlango.

Mkanda wenyewe ulikuwa onyesho la Okestra Lobiko, walilopiga uwanjani Kinshasa mwaka sabini na tatu. Vijana kumi na wawili wenye nywele za afro, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na magita ya umeme yanayonguruma mpaka bati linaitikia. Rangi zilikuwa zimechuja, na upande wa kushoto kulikuwa na mstari mweupe uliopanda na kushuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyelalamika. Waliokuja walikuwa wameuona mara nyingi kupita hesabu, na ndiyo maana walikuja.

Na usidhani walikuwa wakimbizi. Sisi wa Ujiji babu zetu walivuka ziwa zamani, na muziki wa ng'ambo hatukufundishwa na mtu. Alikuwapo Feliksi, ambaye alijishonea bugaluu kwa kuitazama ile ya mwimbaji, kila Jumamosi akirekebisha kidogo. Alikuwapo mzee Selestini, mstaafu wa reli, aliyelia pale pale kila wiki na kusingizia moshi wa jenereta. Alikuwapo Verediana muuza mawese, mwenye sauti ya kuita boti irudi. Mwisho wa mkanda mwimbaji anapouliza kwa Kilingala, "Bandeko, bozali wapi?", yaani ndugu zangu mko wapi, banda zima lilisimama na kujibu, "Tozali awa!" Tuko hapa. Anauliza mara tatu, na mara tatu tulijibu. Majirani walizoea.

Rahabu alikuja mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na sita, vita ilipowasukuma watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, majini. Alivuka na watu asiowajua. Kaka yake Jean alimpandisha kwenye boti, boti ikajaa, akamwambia atakuja na inayofuata. Nilimwona mara ya kwanza akiwa na beseni la dagaa kichwani. Alikuwa anapita barabarani, akasikia gita kwenye spika ya nje, akaingia na beseni lake bila kulipa. Nikaanza kufoka. Hakunisikia. Alitua beseni miguuni kwa mzee Selestini, akaenda mpaka mbele, akafungua pindo la kitenge, akatoa noti ya shilingi mia mbili na kuibandika kwenye kioo cha runinga, kwenye paji la uso la mpiga gita la pili, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kulicharaza peke yake.

Noti ilishika. Kioo cha runinga kikipata moto kina umeme wake wa kuvuta karatasi. Banda lilipiga kelele mpaka nikahofia ukuta. Akaniambia baadaye kwamba bendi ile ilipopita Uvira, yeye akiwa mtoto, Jean alimbeba begani katikati ya watu mpaka jukwaani, ili amtunze kwa noti mpiga gita yule yule. Kwa hiyo alikuwa anaendelea tu na kazi aliyoachiwa.

Toka siku ile ikawa sheria. Gita la pili likianza, hakuna anayesimama mpaka Rahabu aende kutunza. Noti ikishashika ndipo watu wanamwagika kati ya mabenchi. Ilikuwa noti ile ile. Mkanda ukiisha niliibandua na kumrudishia, na kufika mwezi wa pili nilikuwa namrudishia nyumbani kwangu, kwa sababu tulikuwa tumeanza kukaa pamoja.

Ndoa hatukufunga. Nilikuwa tayari hata kesho yake, ila Rahabu alikataa. "Assani, siolewi bila kaka yangu kukaa ku mukeka," alisema. "Nani atakujibu posa yako? Dagaa?" Nikacheka, nikasema tutamngoja Jean. Tukamngoja. Cheti cha ndoa sikuwa nacho, na wakati ule sikujua kwamba kipande cha karatasi kinaweza kuwa kitu cha kukosa usingizi.

Nilijua baadaye mwaka huo huo wa tisini na saba, msako ulipoanza. Serikali ilisema kila mkimbizi anayeishi nje ya kambi akusanywe apelekwe kambini. Mwenye cheti cha ndoa na raia, tulisikia, huenda akaachwa. Mwezi wa tisa walipita mtaa wa Katubuka, mwezi wa kumi wakatukaribia. Rahabu aliacha kwenda sokoni. Gari likipunguza mwendo nje, mkono wake ulisimama ndani ya chungu. Mimi nilijifanya mwanamume, nikasema hakuna kitu, kisha nikaenda uani kuchungulia barabarani.

Jumamosi ile, asubuhi, balozi wetu wa nyumba kumi, Gervasi, alinijia bandani nikiwa nasafisha deki kwa spiriti. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Leo ni kwetu," alisema. "Nyumba kwa nyumba, kuanzia saa saba. Nitakuwa nao mimi. Nitaambiwa nionyeshe milango, nami nitaonyesha, bwana Assani. Nina watoto."

"Nimpeleke kwa dada yangu Katubuka."

"Barabara imefungwa pande zote mbili. Mgambo wapo pale toka alfajiri." Aliniangalia kwa huruma, na huruma yake ikanitia hofu zaidi. "Nyumbani asiwepo. Hilo tu ndilo najua."

Nikafikiri kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nyumbani hapana, barabarani hapana. Lakini bandani, saa tisa, kungekuwa na watu zaidi ya mia, wenyeji watupu, nusu gizani. Mtu mmoja kati ya mia haonekani. Nilijisifu kwa wazo hilo, nasema kweli. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

Nilimkalisha Rahabu kitandani nikamfundisha. Ukiulizwa, wewe ni mtu wa Kalinzi, kule milimani, umeshuka kumtembelea shangazi. Nilimfundisha kusalimia na kuitikia Kiha, mara ishirini, mpaka ulimi ukakubali. Nilimpa jina la kitongoji na jina la mwenyekiti wake, niliyoyapata kwa mteja mmoja. Nilimwambia avae gauni la dada yangu aliloliacha kwetu, afunge kilemba kama wanavyofunga huku. Alifuata yote. Mbembe wa Uvira akageuka Muha wa Kalinzi mbele ya macho yangu, na moyo ukatulia kidogo.

"Na usiimbe," nikasema. "Usijibu lolote. Kilingala chako si kama chetu, kinasikika."

"Sitaimba."

"Na usicheze."

"Sitacheza." Kisha akaniangalia. "Na pale kwa gita?"

"Pale kwa gita utakaa."

Alikuwa ameshaifungua noti kutoka kwenye pindo la kitenge alichovua, imekunjwa mara nne, na sasa hakujua aiweke wapi katika gauni lisilo lake.

"Assani, pale miye sijawahi kukaa."

"Leo utakaa!" Nilipaza sauti. Sikuwahi kumpazia sauti kabla ya hapo. "Unataka wakuone umesimama mbele ya watu mia, mwanga wa runinga usoni, noti mkononi? Unataka nikuonyeshe kwa kidole kabisa? Kaa. Kalia mikono yako ikibidi."

"Sawa, baba," alisema. Alikuwa akiniita baba tukitaniana. Siku hiyo hapakuwa na utani.

Tulitoka nyumbani kabla ya saa saba tukajifungia bandani, na saa tisa banda lilijaa. Nilimketisha benchi la tatu, katikati, kati ya Verediana na mzee Selestini, watu wapana wote wawili. Sikuwaambia neno. Hapo ndipo najiuma kidole mpaka leo. Nilidhani siri ikibaki ya watu wawili itakuwa salama, nikawaacha wale mia bila kujua kwamba kuna kitu cha kuficha.

Nikawasha. Lobiko wakaingia jukwaani na banda likaunguruma. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nilikuwa nimekaa kando ya deki, uso kwa watu, nikimtazama yeye tu. Alikuwa ameketi wima, mikono chini ya mapaja, kweli kabisa kama nilivyomwambia. Nje nilisikia lori likipita taratibu, likasimama mbele kidogo ya banda, injini ikazimwa.

Mlango ukafunguliwa. Mwanga ukaingia, na watu wakapiga miluzi wakitaka ufungwe. Gervasi aliingia kwanza, anajifuta uso, hakunisalimu. Nyuma yake aliingia bwana mmoja wa makamo katika kaunda suti ya kijivu, na faili kwapani. Alilipa kiingilio. Nasisitiza hilo: alitoa pesa mfukoni mwake akamlipa kijana wangu wa mlangoni, akasema asante, akaenda kukaa benchi la mwisho. Akaweka faili magotini na kuanza kutazama.

Sijui dakika zile zilikuwa ngapi. Niliomba umeme wa jenereta ukatike. Ningeweza kuuzima mwenyewe, waya ulikuwa karibu na mguu wangu, lakini nikawaza: nikizima, magunia yatafunguliwa, watu watatoka mmoja mmoja mlangoni, na mwenye faili amekaa pale. Nikaacha. Yule bwana alikuwa anatikisa kichwa akifuata ngoma. Wimbo wa nne alipigapiga mguu chini kwa mdundo. Nikaanza kuamini. Nikasema moyoni, huyu anapumzika tu, atachoka atatoka, na nikamwahidi Mungu mambo ambayo hata sasa sijayatimiza yote.

Kisha ukaja wimbo wa sita, na gita la pili.

Unajua jinsi linavyoanza. Ngoma zinanyamaza, mwimbaji anarudi nyuma, na yule kijana mwembamba anasogea mbele, kamera inamfuata mpaka uso wake unajaza kioo kizima. Anakunja paji la uso. Pale pale ndipo noti hukaa.

Banda zima lilitulia kumpisha Rahabu. Watu walikuwa tayari, wengine wameshashika benchi la mbele kwa mkono wajiinue. Hakuna aliyejiinua. Gita likalia peke yake. Rahabu alitazama sakafu.

Kwanza walidhani hajaona. Verediana akamgusa kiwiko. "We, muda wako." Rahabu hakusogea. Mzee Selestini akageuka akamtazama, machozi yake ya kila wiki yakiwa tayari usoni. "Mwanangu, unaumwa?" Benchi la mbele wakageuka. La pili wakageuka. Vichwa mia vikageuka kumtazama mtu mmoja, na Feliksi, ambaye hakuwahi kukaa na neno mdomoni, akasimama na bugaluu lake akaita kwa furaha:

"Mama Noti! Leo vipi? Twende basi, tunakungoja wewe!"

Na wakaanza kupiga makofi, wote pamoja, pole pole, kumpa moyo. Walikuwa wanampenda. Kila kofi lilinipiga mimi kichwani. Nilitaka kupiga kelele waache, lakini kelele zangu zingemwonyesha kwa yule wa nyuma. Rahabu aliinua macho akaniangalia mimi, si runinga, mimi, akiuliza kwa macho afanye nini, na mimi, mjinga, nikatikisa kichwa: kaa.

Kule nyuma yule bwana alikuwa amesimama ili aone watu wanatazama nini. Aliniona nikitikisa kichwa. Akafuata macho yangu mpaka kwa Rahabu.

Alikuja taratibu kati ya mabenchi, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Alimsalimia kwa Kiha. Rahabu akaitikia vizuri sana, kama mara ishirini zile. Akamuuliza kwao ni wapi. Kalinzi. Ameshuka kumtembelea shangazi. Kitongoji? Akakitaja. Mwenyekiti? Akamtaja. Nilikuwa nimesimama bila kujua, nimeshika ukingo wa meza.

"Vizuri," alisema yule bwana. "Na mimi mama yangu alizaliwa huko huko. Kahawa yenu mwaka huu imefikia wapi?"

Rahabu akanitazama tena. Kahawa! Sisi watu wa Ujiji kahawa tunaijua ikiwa kwenye kikombe. Sikuwa nimemfundisha kitu kuhusu kahawa, wala nisingejua nimfundishe nini.

"Tunachuma," alisema. "Imeiva sana."

"Mwezi wa kumi?" Bwana yule hakucheka. Alionekana kuchoka ghafla. "Mwezi huu inatoa maua, mama."

Hapo ndipo nikapaza sauti. Nikapita juu ya mabenchi, nikamwambia ni mke wangu, namwomba, ni mke wangu wa ndani kabisa, waulize hawa wote. Wote wakaitikia kwamba ni mke wa Assani, ni Mama Noti, yumo humu kila wiki. Feliksi alikuwa anaapa. Verediana alimshika Rahabu mkono kwa nguvu zote. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho.

"Cheti kipo?" aliuliza.

Nikamwambia tunamngoja kaka yake.

"Kama ni mkeo, mbona amesema ametoka Kalinzi kumtembelea shangazi?"

Uongo ulikuwa wangu, na sasa ulikuwa umesimama katikati yetu, hata ukweli hauna pa kupita.

Mgambo wawili walimtoa nje. Hawakumvuta, alitembea mwenyewe. Nikawafuata, na yule bwana akatembea nami mpaka mlangoni, kwa heshima, kama tumetoka kuzika pamoja.

"Nikwambie kitu, ndugu yangu," alisema. "Mimi sikuingia humu kikazi. Nilikuwa natembea juani toka saa saba, nikasikia Lobiko. Tuliwacheza sana tukiwa shule. Nikasema nipumzike nyimbo tatu nne. Sikumtafuta mtu." Akaangalia faili lake. "Angesimama tu akacheza kama wengine, ningejuaje?"

Mtu akikupiga unaweza kumrudishia. Sasa huyu nimrudishie nini? Nilibaki nimeshika mwimo wa mlango.

Lori lilikuwa wazi nyuma, watu kama thelathini wamesimama ndani, wengine na magodoro, mwanamke mmoja na kuku. Walimpandisha Rahabu. Nilikimbia nikaomba nipande naye, mgambo akanisukuma kifuani, akasema hili si basi. Rahabu aliinama ukingoni, akanipa mkono. Katika kiganja alikuwa na noti, imelowa jasho, imekunjwa mara nne. Aliiacha mkononi mwangu.

"Ubandike weye," alisema.

"Rahabu, nisamehe."

"Jean akikuja, umwambie niko wapi."

Injini ikawaka. Na hapo ndipo niligundua kwamba mkanda bado unaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuuzima. Spika ya juu ya mlango ilikuwa inatupigia Lobiko barabara nzima, wimbo wa mwisho, na mwimbaji akasimamisha ngoma kama anavyofanya siku zote, akavuta pumzi, akauliza:

"Bandeko, bozali wapi?"

Nilitazama nyuma. Mlango wa banda ulikuwa wazi, wamejazana pale, Feliksi, Verediana, mzee Selestini, watu mia wanaolijua jibu kwa moyo. Walikuwa wanawatazama mgambo. Hakuna aliyefungua mdomo.

Lori likaanza kuondoka. Mwimbaji akauliza mara ya pili. Nilimwona Rahabu akinyoosha mgongo. Alivua kilemba nilichomwambia afunge, akakiacha kianguke, na kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuficha alijibu kwa sauti yake yote, kwa Kilingala chake cha Uvira. Mara ya tatu lori zima lilijibu naye, wenye magodoro na mwenye kuku:

"Tozali awa!"

Nilisimama barabarani na noti mkononi mpaka lori likakata kona. Nilijaribu kujibu na mimi. Nilikuwa nimechelewa, mkanda ulikuwa umeisha na deki ilikuwa inaurudisha yenyewe mwanzo.